Sahani ya Mume wa Keziya

Siku ile chumbani alikuwepo Bwana Nkwabi, mwenyekiti wa kamati ya rufaa, hakimu wa zamani aliyezoea kuvua miwani kila alipotaka kusikia vizuri. Kulia kwake alikuwepo Mama Leokadia, muuguzi, mtu wa Majita, mjumbe wa kamati. Kushoto alikuwepo Bwana Machumu, ofisa ambaye kazi yake ilikuwa kupinga, naye aliifanya bila kuchoka. Mbele yao alikaa Keziya, mwanamke wa Ankole aliyevuka mpaka kuja kuomba hifadhi, na mtoto wake wa mwisho alikuwa amelala sakafuni juu ya kanga. Karibu na mlango alikuwepo balozi wake wa nyumba kumi, Bwana Lusangija, shati limelowa jasho, kwa sababu kivuko cha Busisi kilimchelewesha naye akapanda mbio ngazi za ofisi yetu mjini Mwanza. Na mimi, mkalimani, nilikaa kati ya Keziya na meza. Mzee Kalikawe aliyenifundisha kazi hakuwepo. Alikuwa amelazwa na homa ya mapafu. Lakini namhesabu, maana siku ile kila nilipotaka kufungua mdomo nilimsikia yeye kwanza.

Nimewataja wote kwa makusudi, wanangu mnaoanza kazi hii. Kabla hujatafsiri neno hata moja, jua nani yumo chumbani. Mtu husema vingine mbele ya balozi wake, vingine mbele ya mwanamke mwenzake, na vingine kabisa mtoto wake akiwa macho.

Mimi kazi hii sikuisomea. Baba yangu alizama ziwani na mwili wake haukuonekana. Baada ya kungoja, baba zangu wadogo walikata shina la mgomba, wakalivika sanda, wakalizika mahali pake. Mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo mimi ndiye niliyetupa udongo wa kwanza na kutamka kwamba baba amelala. Mdogo wangu Deo alinivuta gauni akauliza, "Dada, kwani nani amemwona?" Mama naye hakuishi sana baada ya hapo. Niliacha shule nikiwa darasa la nne, nikawachukua Deo na Restituta, tukaja kwa shangazi Mkolani. Shangazi alinitafutia kazi ya kupika chai kwenye ofisi ya wakimbizi.

Asubuhi moja bibi mmoja mkimbizi alikuwa anahojiwa, na Mzee Kalikawe alikuwa ametoka nje kukohoa. Bibi akawa anasema neno lile lile kwa haraka, maofisa wanaandika kwa bidii, wakidhani ni jambo la siasa. Mimi nimesimama na birika. Nikasema, "Anaomba choo." Mama yangu alikuwa mtu wa mpakani, na lugha za kule nilizinyonya kwake. Mzee Kalikawe aliporudi akaambiwa, akanitazama toka kichwani hadi kwenye kandambili.

"Binti," akasema, "weka birika chini."

Ndivyo nilivyoajiriwa.

Mzee Kalikawe alikuwa katekista kabla ya kuwa mkalimani, na kwa hiyo alipenda mifano. "Wewe ni mfereji," aliniambia. "Mfereji hauongezi maji, haupunguzi, wala hautii sukari."

"Na mtu akitukana, mzee?"

"Tukana."

"Mbele ya mwenyekiti?"

"Mbele ya mwenyekiti. Ila anza na neno 'anasema'."

Haukupita muda, mzee mmoja mfugaji akachoshwa na maswali ya Bwana Machumu. Akasema kichwa cha ofisa huyu ni kama boga lililokanyagwa na ng'ombe. Nikasema, "Anasema kichwa cha ofisa ni kama boga lililokanyagwa na ng'ombe." Bwana Machumu akaandika, kisha akauliza bila kuinua macho, "Boga bichi au lililoiva?" Nilitafsiri. Mzee akafikiri sana, akajibu, "Lililoiva." Bwana Machumu akaandika hilo nalo. Tangu siku ile sikumwogopa tena. Nanyi msiwachukie wanaopinga. Chumba ambacho wote wanaitikia, humo ndimo watu wanamopotea.

Kulikuwa na kijana mmoja aliyesimulia habari zake vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumtafsiria. Aliulizwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na kila mara maneno yalikuwa yale yale, hata pumzi alivuta mahali pale pale. Bwana Nkwabi akavua miwani. "Sasa anza mwisho, urudi nyuma." Kijana akakwama kama gari kwenye tope la Buhongwa. Nilipotoka nikamwambia Mzee Kalikawe kwamba tumekamata mwongo. Akanikemea. "Tumekamata hadithi ya kuazima. Mwenye hadithi hatujamsikia bado." Alikuwa sahihi. Kikao kiliahirishwa, na kijana aliporudi alieleza habari yake mwenyewe, ambayo ilikuwa fupi, imechakaa, haina mashujaa, na ilikuwa kweli. Wenzake ndio waliomwambia kwamba ya kwake haitoshi, wakampa nyingine. Siku hizo jambo hilo lilikuwa la kawaida. Watu wengi walikaribia kurudishwa kwa sababu ya msaada wa wema.

Na hivyo ndivyo Keziya alivyokaribia kurudishwa.

Mumewe alikuwa karani wa mahakama kule kwao. Wanajeshi walitaka aandike kwamba mtu fulani hakuwahi kuletwa mahakamani, naye alikuwa amemwona kwa macho yake. Akakataa. Wakamfuata nyumbani. Keziya akakimbia na watoto watatu, akavuka, akafika Bukoba, akapanda meli hadi Mwanza, akapelekwa kwenye kijiji cha ujamaa ng'ambo ya Busisi angoje uamuzi. Alipohojiwa mara ya kwanza na ofisa mmoja peke yake, aliulizwa mume yuko wapi, akajibu, "Atakuja." Basi. Ofisa akaona mume yuko huru na yuko njiani, hivyo hatari haipo. Maombi yakakataliwa.

Mwalimu wa kijiji akamhurumia, akamwandikia rufaa. Na kwa huruma hiyo hiyo akaandika kwamba mume ameuawa.

Kwa hiyo siku ya rufaa kulikuwa na mdomo unaosema atakuja na karatasi inayosema ameuawa. Kamati ikikataa, Keziya na watoto wangepandishwa meli ya Bukoba na kutoka hapo kupelekwa kwa gari hadi mpakani. Alilijua hilo. Sote tulilijua.

Alieleza vizuri mpaka kwenye siku waliyokuja. Walikuwa watatu, alisema, na mmoja wao, mfupi, aliomba maji. Akampa kwenye kibuyu. Akanywa, akashukuru, ndipo wakamtoa mume wake nje akiwa na kiatu kimoja mguuni.

Bwana Machumu akainua kalamu. "Mwulize, ni wauaji gani hao wanaoshukuru?"

Nikauliza. Keziya akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji hulowesha.

"Huyo huyo aliyeshukuru ndiye aliyerudi kunitafuta. Jirani alimsikia akiuliza, yuko wapi yule aliyenipa maji. Nilikuwa nimeziona sura zao."

Bwana Machumu akaandika. Muda ule nilikuwa nimeshajifunza kidogo. Anayetunga hutengeneza wabaya wawe wabaya mpaka kwenye kucha. Aliyeona hukuletea pia vitu visivyomsaidia, maana havikuchaguliwa, vilikuwepo tu. Lakini kibuyu cha maji hakikutosha. Palibaki lile swali.

"Mama," Bwana Nkwabi akauliza kwa upole, "mumeo yu hai au amekufa?"

"Aliondoka na askari."

"Rufaa yako inasema ameuawa," akasema Bwana Machumu. "Ofisini ulisema atakuja. Tushike lipi?"

"Rufaa aliiandika mwalimu. Mwalimu ni mtu mwema. Lakini hakuwepo."

Mama Leokadia akaegemea mbele. Nilimwona anataka kumsaidia, uso wote unaomba. "Mwambie aseme tu anavyoamini moyoni mwake. Hatutamdai mwili. Aseme tu kwamba anaamini amekufa."

Nilipomaliza kutafsiri, Keziya alinigeukia mimi badala ya meza.

"Hawa wanataka nimzike kwa mdomo? Kwetu mtu huzikwa na ukoo wake. Mimi mkewe nikitamka, nitakuwa nimewaambia waliomchukua kwamba kazi yao imekwisha. Sitamki."

Wanangu, sikilizeni vizuri hapa. Mle chumbani hakuna mwingine aliyejua Kinyankole. Neno walilolitaka lilikuwa dogo. Ningeligeuza lile "sitamki" likawa "naamini amekufa", wote wangepumua, Mama Leokadia angefuta macho, na mtoto yule angeendelea kulala. Mimi mwenyewe nilishawahi kutamka neno hilo juu ya shina la mgomba, na dunia haikuanguka. Lakini mzee wangu wa mfereji alikuwa amelala hospitali na bado nilimsikia. Nikasema, "Anasema," nikawapa yote, la kuzika kwa mdomo na la kazi kwisha, mpaka sitamki.

Bwana Machumu akafunga jalada. Si kwa hasira. Alikuwa na sura ya mtu aliyetaka kushindwa akanyimwa nafasi.

Hapo ndipo akaitwa balozi. Bwana Machumu ndiye aliyemleta, awe shahidi wa kupinga. Mwadhani alikuja kwa chuki? Hapana. Miaka ile tuliambiwa tuwe macho na wageni, na Bwana Lusangija alikuwa macho kuliko wote. Akasimama, akavuta shati.

"Ndugu Mwenyekiti, mimi ni mtu wa haki. Huyu mama ni mchapakazi. Shamba la kijiji hakosi, na pamba anaipalilia vizuri kutushinda sisi wenyeji. Lakini ana mwanaume ndani."

"Umemwona?"

"Sijamwona, Ndugu Mwenyekiti. Hiyo ndiyo shida yenyewe. Mwanaume anayeonekana hanipi wasiwasi."

"Umejuaje basi?"

"Sahani. Kila jioni anapakua sahani ya mtu mzima. Ugali wa kushiba, samaki na kichwa chake. Anafunika kwa kawa, anaweka juu ya kigoda, mlango wazi. Yeye na watoto wanakula pembeni."

Mama Leokadia akauliza, "Na wewe balozi unapita kila jioni?"

"Ni wajibu wangu, mama."

"Saa ya chakula."

"Ndiyo saa watu wako nyumbani, mama."

Hata Bwana Machumu alicheka. Mimi nilikuwa namnong'oneza Keziya kila kinachosemwa, na nilipofika kwenye sahani aliinamisha kichwa.

"Nani anakula chakula hicho?" Bwana Nkwabi akauliza. Miwani ilikuwa mezani.

"Hapo ndipo penye siri."

"Asubuhi sahani inakuwaje?"

"Asubuhi watoto wanapewa kiporo."

"Kiporo kipi?"

"Hicho hicho."

"Kikiwa kimepungua?"

Balozi alikuwa mtu wa haki kweli, kama alivyosema. Alitazama sakafu, akamwona mtoto juu ya kanga. "Hapana," akasema polepole. "Hakijapungua. Kichwa cha samaki kinakuwepo."

Keziya akasema jambo, nami nikasema, "Anasema, badala ya kuchungulia, balozi angebisha hodi. Sahani ya msafiri mgeni anaruhusiwa kuila. Angempa."

"Hata mimi?" balozi akauliza, akasahau kwamba yuko mbele ya kamati.

"Anasema, hata wewe. Lakini anayeila hubaki na deni. Mwenyewe akirudi, lazima umlishe."

Mama Leokadia akamuuliza tangu lini anaiweka. Keziya akajibu, tangu jioni ile ile waliyomchukua. Kwao mume akiwa mbali sehemu yake hupakuliwa, na haiachwi kupakuliwa mpaka ukoo umzike. Njiani alikokuwa hana sahani alimega tonge akaliweka juu ya jani. Ndani ya meli pia, alisema, na mabaharia walimcheka.

Hakuna aliyeuliza swali jingine. Tukaambiwa tutoke.

Tulikaa kwenye ngazi, mimi na Keziya, mtoto amepakatwa, na balozi amesimama chini yetu akijifanya anaangalia mawe. Meli ilipiga honi bandarini. Keziya akauliza kama ndiyo ile ya Bukoba. Nikasema sijui, na kweli sikujua. Akamfunga mtoto mgongoni, akakaza fundo, akalegeza, akakaza tena.

Tulipoitwa, Bwana Nkwabi alikuwa amevaa miwani, kwa hiyo nikajua wamekwisha kusikia. Alisema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo.

"Tumekaa hapa tangu asubuhi tukimwomba mama huyu atupe neno asilolijua, ndipo tumwamini. Amekataa, na anajua kukataa kungemgharimu nini. Shahidi aliyeletwa kumpinga ametuonyesha kwamba anayoyasema kwetu ndiyo anayoyaishi kila jioni asipodhani anatazamwa. Hajui mume wake yuko wapi. Huo ndio ukweli wake, na unatosha. Rufaa imekubaliwa. Atabaki."

Nilitafsiri hadi "atabaki". Keziya aliuliza, "Na watoto?" Bwana Machumu alielewa swali bila mimi. Akasema, "Wote, mama. Wote." Nilivuta pumzi kubwa mpaka kifungo cha blauzi kikaruka na kuanguka mezani mbele ya mwenyekiti, naye akanirudishia bila kusema kitu. Balozi akampa Keziya mkono, mkono wa pili chini ya kiwiko, kama mtu anayemwomba mkubwa wake radhi.

Baadaye mambo yalibadilika. Ililetwa mashine ya kunasa sauti, ikawa inanasa honi za meli na wauza samaki kuliko mashahidi, na siku moja ikautafuna utepe wote wa ushahidi wa mtu. Yakaja pia mafunzo na maswali yaliyopangwa. Ni mazuri, jifunzeni. Lakini wakati ule, Mzee Kalikawe alipopata nafuu hospitalini, nikamsimulia yote, naye aliuliza jambo moja tu: "Ulisema 'anasema'?" Nikasema ndiyo. Akageukia ukutani akalala. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu.

Siku ile ile ya uamuzi Bwana Nkwabi alinituma niende na Keziya hadi kijijini nikaueleze uongozi uamuzi huo. Tukavuka Busisi pamoja, balozi akimbebea mtoto. Jioni ilipoingia Keziya alipika. Alipakua ya watoto, akapakua ya kwake, akapakua ile ya kigodani, samaki na kichwa chake. Balozi akafika mlangoni. Mara hii alibisha hodi kwa sauti ya kusikika kijiji kizima.

Keziya aliinua ile sahani toka kigodani, akaniwekea mimi mapajani.

"Kula. Umeyasema maneno yangu kama nilivyoyasema. Ungeyageuza, usiku wa leo ningekuwa mjane."

Balozi alikitazama kile kichwa cha samaki kwa macho ya huzuni. "Na mimi?"

"Balozi, wewe ungoje zamu yako kesho," nikatafsiri, na watoto wakacheka kabla sijamaliza.

Nilikula yote. Tangu tulipozika shina la mgomba sikuwahi kula chakula kikashuka vizuri vile. Nilimfikiria Deo akinivuta gauni. Niliporudi Mkolani nilimwambia, "Lile swali lako lilikuwa zuri. Hakuna aliyemwona." Alikuwa kijana mkubwa tayari, fundi baiskeli. Akasema, "Ahsante, dada."

Vita kule kwao vilipokwisha, Keziya alirudi. Nilimsindikiza bandarini. Sahani ilikuwa kwenye fungu lake, kingo zikionekana chini ya kitambaa. Sijapata habari zake tena.

Wajukuu zangu hapa Buhongwa huniuliza, "Bibi, si mume wake alikufa tu?" Nawajibu kama alivyojibu yeye: aliondoka na askari. Sijaambiwa amerudi, wala sijaambiwa amezikwa, na mimi sitamki. Ninachojua ni kwamba niliila sehemu yake nikashiba. Kwa hiyo mtu mzima mwenye lafudhi ya kule akipita mtaani kwetu, namwita ndani na kumuuliza jina lake na la baba yake. Mpaka leo si mume wa Keziya, wala si mtoto wake yule wa kwenye kanga. Huwapa chakula hata hivyo, lakini hao siwahesabu. Ile sahani bado nadaiwa.